Evodia, Hukula Barafu

Evodia mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa na mama yako si zaidi ya saa moja iliyopita kwenda kumuaga bibi, umejifunga kile kitenge cha kijani na shingoni umezungusha skafu kama mgonjwa. Mimi nimebaki kwenye meza ya chakula na daftari ambalo mtoto mmoja wa darasa la tano alilisahau. Mpaka mrudi nitakuwa nimemaliza. Nitaiweka barua juu ya begi lako uisome leo, maana ina jambo la kesho ndani yake.

Habari za chandarua, za kutokukopa, za kumpigia simu mjomba ukifika, hizo mama yako ameshazisema mpaka zimechakaa. Sizirudii. Tena ningekuwa na akili ningekuambia haya kwa mdomo, lakini unanijua. Mdomo wangu una haraka. Nikianza kusema jambo zuri, katikati nakumbuka la kukukaripia, na mwisho unatoka hapa na karipio tu. Kalamu inanichelewesha kidogo.

Nianze na ya juzi. Ulikuja pale barazani, ukapiga goti, ukapiga makofi yako taratibu ya heshima kama alivyokufundisha bibi, ukasema, "Baba, naomba siku ya safari nisiimbe pale stendi. Jumatatu chuoni wananisikiliza sauti, na sauti yenyewe inataka kupumzika."

Nami nikakujibu nini? Nikasema, "Kumbe! Imeshakuwa sauti ya Dar es Salaam hiyo. Sisi tuliokulea hatufai kuisikia tena!" Nikaongeza kwamba kwaya yetu haijawahi kumwacha mtu aondoke kimya, kwamba spika zimeshaazimwa, kwamba utaniaibisha. Ukapiga makofi tena, ukainuka, ukaenda jikoni.

Nikajiona nimekukomesha. Raha hiyo haikumaliza robo saa. Mama yako alikuja na ugali, akauweka mbele yangu, akasimama pale mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mara hii utawaambia amekula nini?"

Ugali ule haukupita, mwanangu. Nimefundisha kwaya miaka ishirini na mitatu hapa Kasulu, na sijawahi kusikia swali likiingia mahali pake namna ile.

Sasa ngoja nikueleze jambo ambalo hata mama yako halijui lote.

Mimi kuimbisha sikufundishwa na chuo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nina sauti kama ng'ombe, najiona hakuna zaidi yangu. Wakati ule kambi ya Mtabila ilikuwa imejaa Warundi, na sifa za kwaya zao zilifika mpaka mjini. Jumapili moja nikaenda kuwasikia. Loh! Watu thelathini walivaa nguo za msaada, hawana kinanda, hawana ngoma, na walipoanza kuimba kwa chini kabisa nilisikia nywele za mikono zinasimama. Mwalimu wao alikuwa mzee mwembamba, jina lake Anselmi. Nikamfuata, nikamwomba anifundishe. Akaniambia niimbe. Nikaimba kwa nguvu zangu zote, mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile cha kambini, "Kijana, wewe haukuimba. Umeita ng'ombe." Akanigusa shingoni kwa kidole kimoja. "Hapa ni mlango tu." Akanigusa tumboni. "Nyumba iko hapa. Buhorobuhoro, polepole."

Akanilaza chali kwenye mkeka, akaniwekea jiwe juu ya tumbo, akaniambia nilipandishe na kulishusha kwa pumzi, bila kuimba hata noti moja. Siku ya kwanza jiwe. Siku ya pili jiwe. Siku ya tatu jiwe, na kuunguruma mdomo umefungwa. Vijana wa pale walipita wakicheka kwa Kirundi, na Kirundi na Kiha ni ndugu, nilisikia kila neno. Nikaona hapana. Mimi Mtanzania, nina kadi ya chama na kiwanja, nilazwe chini na mkimbizi kama mgonjwa wa tumbo? Siku ya nne sikwenda. Wala sikuaga. Nilijiambia nimeshapata ninachokihitaji.

Miaka ikapita. Mwaka ule kambi ilipofungwa, magari yakiwabeba kurudi kwao, nilikuwa njiani na baiskeli, wewe ukiwa mdogo umekaa nyuma. Nilitafuta sura ya Anselmi kwenye malori yale, sikuiona. Sikujua ningemwambia nini. Mpaka leo sijui kama alifika salama, wala sijui kama aliwahi kujiuliza yule kijana wa jiwe alipotelea wapi.

Basi mimi nikafundisha kwaya kwa ninavyojua. Unakumbuka kile kilima cha nyuma ya shule? Kumbuka, maana ulichubua magoti yako pale. Wanakwaya wakisimama upande huu wa bonde, mimi navuka kijito nasimama upande ule na fimbo, na kanuni ni moja: nisiposikia maneno, hujaimba. Nikasifiwa wilaya nzima. "Kwaya ya Mwalimu haihitaji spika!" Kila nilipoisikia hiyo sifa nilivimba. Kumbe nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kuita ng'ombe.

Na wewe ulikuwa mbele yao wote. Ulikuwa na miaka minane ukishika sauti ya kwanza na akina mama. Nilikupenda mno, mwanangu, na mapenzi yangu yakawa kukusukuma. Wenzako wakipumzika nakuambia wewe rudia. Ukikohoa nakupa tangawizi. Koo likikwaruza nakuvunjia yai bichi, unalimeza umefumba macho. "Sauti haichoki," nilikuwa nakuambia. "Anayechoka ni mvivu." Nani aliniambia maneno hayo? Hakuna. Niliyatunga mwenyewe, na nilivyoyasema kwa ukali yakaonekana kama hekima.

Sasa tufike Kibondo. Najua hupendi kuzungumzia Kibondo. Mimi ndiye niliyetakiwa kuzungumza, nikakaa kimya miaka sita.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ule mchezo wa Pasaka tuliuandaa miezi minne, mchezo wote kwa nyimbo, hakuna hata mmoja anayesema bila kuimba. Ulikuwa wewe Maria Magdalena. Tulipanda Fuso asubuhi, barabara ilikuwa bado vumbi tupu, na njia nzima niliwaimbisha humo humo kwenye gari, eti mpate kuzoeana. Tulipofika ulinijia ukanishika mkono. Ukasema, na sauti yako ilikuwa kama karatasi inachanwa, "Baba, siwezi. Inauma."

Nilitazama uwanja. Watu walikuwa wamejaa, wenyeji na wageni, kwaya za kutoka Kakonko, wakubwa wa wilaya wamekaa mbele kwenye viti vya plastiki. Nikakupa yai. Nikakuambia, "Usinifanyie hivyo leo."

Sikukuuliza inauma wapi. Sikukuuliza tangu lini. Nilisema usinifanyie mimi.

Ukaingia ukaimba. Mwanzo uliuimba vizuri kuliko siku zote, kwa chini, kwa sababu nguvu huna, na nakuapia uwanja mzima ulinyamaza. Palikuwa na mama mmoja karibu yangu alifunika uso na kanga. Ningekuwa na masikio ningejua kwamba ndivyo inavyotakiwa kuimbwa. Lakini nilisimama pale pembeni nikakuonyesha kwa mkono: pandisha! Ukanitazama. Nikapandisha mkono tena: pandisha! Ukapandisha. Pale kwenye kuita jina mbele ya kaburi, ile noti ya juu, sauti ilitoka mara moja kwa nguvu, ikakwaruza, ikakatika. Mdomo wako ulikuwa wazi na hakuna kitu kinachotoka. Ulisimama hivyo ukinitazama mimi. Wewe hukulia hata kidogo. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

Jioni ile kwenye Fuso wanakwaya waliniuliza, "Mwalimu, binti kapatwa na nini?" Ulikuwa umekaa hapo hapo, mbele yangu, umejifunika shuka. Nikasema, "Si amekula barafu! Nimemkataza barafu za ubuyu, akanunua kwa siri pale stendi akala mbili. Watoto hawa!"

Ukainua kichwa. Ukafungua mdomo. Hakikutoka chochote. Ukaufunga.

Evodia, hukula barafu. Hukuwa na hata hela ya kununulia barafu. Nililitunga pale pale kwa sababu nilihitaji jambo la kusema, nikakubebesha wewe kwa kuwa nilijua huwezi kujibu. Hilo ndilo ninaloshindwa kujisamehe. Kukuharibu sauti niliharibu kwa ujinga, na mjinga hufundishika. Lakini uongo ule sikuufanya kwa ujinga.

Ukaitwa Evodia Barafu. Shuleni, sokoni, kanisani. Hata watoto wadogo. Niliwasikia, nikacheka nao.

Kule hospitali Mwanza daktari aliingiza kamera yake akatuonyesha: vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, kama sugu za mkono wa mkulima. Akaniambia, "Sugu haioti kwa siku moja, mzee. Nani anamwimbisha huyu mtoto?" Mama yako akanitazama. Nikamwambia daktari kwamba watoto wanapiga kelele wakicheza. Hata pale! Mbele ya mtu aliyekuwa anataka kukuponya! Akaandika, akaagiza usitoe neno, usinong'one hata kidogo, na baadaye mazoezi.

Miezi mitatu nyumba hii haikuwa na sauti yako. Kila asubuhi ulikuja barazani, ukapiga goti, na kwa kuwa kuamkia kwa mdomo huwezi, ulipiga makofi tu. Taratibu, mara nyingi, mpaka nijibu. Wakubwa zetu waliamkiana hivyo tangu zamani, sina la kusema hapo. Lakini wao hufuatisha maneno, na wewe ulikuwa na mikono peke yake. Nami nilijibu "Mm," bila kuinua uso kwenye redio. Kila siku nilitamani kukuambia nisamehe. Kila siku nikasema "Mm."

Sauti iliporudi nilisubiri. Nilikuwa na hakika siku ya kwanza ya kusema utawaambia watu ukweli. Nilijiandaa hata na jibu. Ukaanza kusema, ukasalimia, ukaomba chumvi, ukaendelea na maisha. Hukuwahi kunisema. Mwaka wa kwanza nilifikiri umesahau. Mwaka wa pili nikajua unanisitiri. Ukimya wako umenipiga kuliko fimbo, mwanangu, na nilistahili.

Ukaacha kwaya, na mimi nikawaambia watu umekata tamaa. Kumbe ulikuwa unajijenga nyuma ya jiko. Nilikukuta siku moja unapuliza mapovu kwenye glasi ya maji kwa mrija, unaunguruma humo humo, juu chini, juu chini. Nikakuambia, "Binti mzima unacheza na maji." Siku nyingine ulikuwa unaimba kwa chini sana, nikakuambia unaimba kama mbu. Nyingine nikakukuta umelala chali chumbani, biblia juu ya tumbo, inapanda na kushuka. Siku hiyo sikusema kitu. Nilitoka nje nikakaa kwenye tofali. Ulikuwa umelipata kwenye simu yako lile jiwe nililolikimbia Mtabila. Hakuna aliyekulazimisha, na hukuona aibu.

Ndiyo maana ulipoitwa chuoni nilikaa kimya; wewe ukadhani nimekasirika, lakini sikuwa nimekasirika. Nilikuwa naona haya. Unakwenda kufundishwa kuimba huku unaigiza, huku unacheza, usiku baada ya usiku, na bado kesho yake sauti ipo. Mambo hayo yote yanataka pumzi na subira, na kwangu hukupata hata kimoja.

Nisikuhubirie. Nina moja tu la kukuomba, na nalisema kwa kuwa ni mimi niliyekufundisha kinyume chake. Huko utakutana na watu kama mimi. Watakuwa na elimu, watakuwa na viatu vizuri, lakini watakuwa mimi. Watasimama pembeni wakupandishie mkono: pandisha! Koo likikuambia hapana, waambie hapana. Kwa heshima, lakini waambie. Mwalimu anayejua atakushukuru. Asiyejua atanuna, na kununa kwake hakutakupotezea sauti. Najua ni vigumu kwako, kwa sababu ulipolisema mara ya kwanza baba yako mzazi alikupa yai bichi. Na ulipolisema mara ya pili, juzi, nikakuzomea. Lisemeni mara ya tatu, wewe na hiyo sauti yako. Litazoeleka.

Sasa la kesho.

Leo mchana nilikwenda mazoezini. Kwaya yote ilikuwepo. Mama Gaudensia, unamjua mwenyekiti wetu asivyopenda mchezo, alikuwa ameshika orodha: pikapu saa kumi na moja, spika juu ya pikapu, Evodia anaanzisha, basi likiondoka tunapandisha ubeti wa mwisho. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema, "Evodia haimbi kesho."

Minong'ono. Mama Gaudensia akasema, "Mwalimu, wimbo tumeshaupanga. Mabasi yananguruma pale, bila yeye kupaza nani atasikika?" Na kabla sijajibu, kijana mmoja wa sauti ya nne akadakia kutoka nyuma, "Au amekula barafu tena?"

Wakacheka wote. Miaka sita na bado inachekesha.

Nikasimama. Nilitaka kusema maneno mengi ya kupanga, yakanikimbia. Nikasema, "Hakula barafu. Hata siku ile hakula. Aliniambia inauma, nikampa yai, nikamlazimisha, sauti ikakatika, nikawadanganyeni. Yeye alikuwa hawezi kusema, ndiyo maana nikamsingizia."

Yule kijana wa sauti ya nne alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha Mama Gaudensia akalipuka, "Miaka sita, Mwalimu! Miaka sita nimemnyima mwanangu barafu kwa ajili yako!" Hakuna aliyecheka. Akakaa chini, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Masikini mtoto wa watu. Na tulivyokuwa tunamwita."

Nikawaambia fimbo ya bonde nimeivunja, na kama wanataka mwalimu mwingine watafute, sitagombana nao. Hawakujibu hilo. Watajibu kwa wakati wao, na jibu lolote nitalipokea.

Mama Gaudensia akauliza, "Sasa mtoto tunamwagaje? Tusimame kama miti?" Bibi Yustina, yule mzee wa sauti ya pili ambaye huwa anasinzia mazoezini, leo alikuwa macho. Akasema, "Kwani sisi Waha tumeanza lini kuagana kwa spika?" Akaweka mikono yake kifuani, akaanza kupiga makofi yale ya taratibu. Mwenzake akafuata. Wakafuata wote.

Basi kesho stendi hakutakuwa na spika. Hakuna wimbo. Watakuja kwaya nzima, watasimama mbele ya basi, watakuaga kwa mikono. Hutakiwi kutoa hata neno moja. Jifunge skafu yako, ifunike shingo vizuri, asubuhi kuna baridi huku kwetu.

Na goti usipige. Nimeongea na mama yako, ameona ni ajabu kidogo, kwamba mkubwa hawezi kuanza. Nikamwambia huyu mkubwa ana deni la asubuhi za miezi mitatu. Kesho nitakuja mbele yako, mbele ya watu wote wale walionisikia kwenye Fuso, na nitaanza kupiga mimi. Taratibu, mara nyingi.

Ukitaka utajibu. Usipotaka, mwana wanje, mwanangu, panda basi. Nitakuwa bado napiga.

Baba yako.